Ile Ingine Iko

Siku tulipomzika Nkambo Véronique, watu walirudi kutoka makaburini wakakaa kwenye viti vya kukodi katika lupango letu, ua wa nyumba yetu ya Makomeno, Lubumbashi, na kabla chakula hakijaisha kugawiwa, ndege ikapita juu ya paa ikishuka kwenda uwanjani Luano. Ilipita chini sana, kama zinavyopita zote zikikaribia kutua, na sahani zikatetemeka kidogo juu ya meza. Watu waliendelea kula. Mama mmoja wa chama cha kanisa alikuwa anasimulia kitu cha kuchekesha, akapandisha sauti ili asikike, basi. Mimi nilikuwa nimebeba bakuli la sombe, majani ya muhogo. Nikajikuta nimesimama katikati ya viti, bakuli kwenye mkono mmoja, mkono mwingine uko juu, kiganja mbele, kichwa kimelala upande wa kushoto. Mtoto wa jirani akaniuliza, "Tantine, unasalimia nani?" Nilingoja sauti iishe kabisa upande wa uwanja, ndipo nikashusha mkono na kuendelea kugawa. Tantine Berthe, binti wa marehemu, alikuwa mlangoni, akaniona. Kesho yake, tulipokuwa tunaosha sufuria, akaniambia, "Ngoie, andika ile mwaka. Weye njo ulikuwa unabeba maneno." Nikamwambia mimi niliishia la sita na mkono wangu ni mzito. Akasema, "Nani amekukimbiza?"

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na minane, na nilikuwa nimeletwa katika nyumba ile ili nimsaidie Tantine Berthe kumtunza mama yake. Kwetu neno bibi ni la mke. Mama wa mama yako ni nkambo, na yule alikuwa nkambo wa kila aliyeingia mlangoni. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye macho yaliyoanza kuwa na ukungu, lakini masikio yake yalisikia maji yakikaribia kuchemka jikoni kabla mimi niliyesimama hapo sijayasikia. Siku ya kwanza aliniangalia nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa kiti, akamuuliza Tantine, "Huyu mutoto hasemake?" Tantine akajibu, "Anasemaka, Mama, lakini kiloko." Nkambo akasema, "Muzuri. Bale ba kusema mingi hawasikiake kitu." Nilifurahi, kwa sababu popote nilipokuwa nimeishi watu walikuwa wananiuliza kama ninaumwa.

Tulikula saa ya mchana katika sebule yenye meza moja ndefu, na dirisha lake liliangalia uzio wa jirani. Bukari, ule ugali wetu, mchicha wa lenga-lenga, dagaa wa kapenta wa kukaanga wenye nyanya. Siku ya Jumapili kuku. Siku ile ya kwanza nilikuwa nimeweka tonge mdomoni, ndege ikapita, na Nkambo akainua mkono. Kiganja mbele, vidole vimeshikana, kichwa kimelalia kushoto. Tantine Berthe aliacha kutafuna papo hapo, shavu lake likiwa limejaa. Mimi niliendelea, na Tantine akanipiga kidogo kwenye goti chini ya meza. Tulikaa hivyo kama watu katika picha mpaka ndege ilipotua huko Luano na sauti ikafa, na hapo Nkambo akashusha mkono, akachukua tonge lake, akaendelea na maneno aliyokuwa anasema kana kwamba hakuna kilichopita. Nilidhani ni sala. Baadaye nilizoea, nikawa naacha kutafuna kabla ya mkono kupanda. Hata leo nikikumbuka chakula cha nyumba ile, nakumbuka zaidi kile nilichokaa nacho mdomoni bila kukimeza.

Aliyeuliza maana ya mkono ule alikuwa Ba Ramazani. Alikuwa amehamia nyumba ya pili mwaka huohuo, mzee wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani wakapitia Maniema, na alikuwa anajivunia Kiswahili chake kama mtu anavyojivunia suti. Alikuja kwetu kila alasiri na kiti chake mwenyewe. Mimi nilimpenda kwa sababu alisema peke yake kwa muda mrefu na hakudai jibu. Lakini hakuweza kuvumilia neno letu moja. Nikimwambia, "Ba Ramazani, chai iko," alifunga macho kama aliyeumwa na jino. "Chai ipo, mwanangu. Kitu kipo. Mtu yupo. Mtu si kijiko!" Nkambo alicheka mpaka akakohoa. "Ba Ramazani, kwetu muntu iko, kijiko iko, Mungu iko. Bote banaikala pamoja, hakuna matata." "Mtajuta siku moja," akasema Ba Ramazani, na akanywa chai.

Siku moja alikuwa katikati ya hadithi ndefu ndege ikapita, na Nkambo akamwinulia mkono. Nafikiri hakuna mtu aliyewahi kumnyamazisha hivyo. Alikaa na mdomo wazi. Nkambo alipokwenda kupumzika, Ba Ramazani alimuuliza Tantine Berthe kwa sauti ya chini mkono ule maana yake nini, na Tantine akamwambia, huku anachambua lenga-lenga bila kuinua macho. Mkono haukuwa wa Nkambo. Ulikuwa wa mume wake, Donat, baba ya Tantine. Alikuwa fundi wa ndege hapo Luano, akawa anafanya kazi na askari wakati wa vita vya Katanga. Kelele za injini zilikuwa zimeua sikio lake la kushoto, kwa hiyo ndege ikipita wakati wa kula alilaza kichwa ili sikio zima liangalie juu, akainua mkono na kusema, "Nyamaza, Véro, nisikie kama moteur iko muzuri." Asubuhi moja ya mvua alikwenda kazini na hakurudi. Tantine alikuwa bado anabebwa mgongoni. Wengine walisema alipanda ndege ya vita ikaanguka. Wengine, na hao ndio walikuwa wengi, walisema hakupanda kitu. Alikimbilia Angola na mwanamke mwingine. "Ku masomo batoto balikuwa bananiambia, baba yako iko Lobito, anauzisha samaki," Tantine akasema. "Miye nilikuwa nawapiga. Lakini nilikuwa sijui kama banasema bongo ao kweli."

Kwa sababu hiyo Nkambo hakuwa mjane na hakuwa mke. Hakulilia mtu. Hakuvaa nyeusi. Kila Novemba, watu wanapopeleka parokiani majina ya marehemu wao ili yasomwe kwenye misa, alikwenda, akakaa, akasikiliza majina ya watu wengine, akarudi. Alikuwa amemwuliza padri wa kwanza, zamani, kama anaweza kutoa jina la Donat, na padri akamwuliza, "Mama, amekufa?" Akarudi nyumbani na jina lile. Sasa alikuwa amezeeka, na Tantine Berthe alikuwa na kitu kimoja tu anachokitaka duniani: mama yake apate jibu kabla hajafa.

Ba Ramazani alisikiliza yote hayo bila kusahihisha neno hata moja. Kisha akasema kwamba alipokuwa mtoto, baba yake alikuwa anauza kahawa kwa wafanyakazi wa Luano. Yeye mwenyewe aliona ndege ya kijeshi ikiondoka asubuhi ya mvua na haikurudi, na watu walisema ilianguka mbali, juu ya uwanda wa dilungu, ng'ambo ya mji wa Kambove. Tantine aliacha lenga-lenga. "Na nani alikuwa ndani?" "Wazungu wawili niliwaona wakipanda, kwa macho yangu," akasema. "Wa tatu sikumwona. Lakini nilikuwa mtoto, binti yangu, na kulikuwa na mvua."

Tulikwenda mwezi wa nane, Tantine, Ba Ramazani na mimi. Nkambo ndiye aliyesema niende. Aliniita kando ya kitanda chake, akanishika kifundo cha mkono. "Berthe atalia, na Ba Ramazani atasema. Weye utasikia. Uniletee maneno vile ilisemwa, hata yenye haina maana." Tulifika Kambove na gari la abiria, tukanywa chai pembeni ya barabara, vitumbula vya moto na karanga. Wachimbaji walipita na magunia mgongoni, vumbi hata kwenye kope, na mmoja akamwambia Tantine, "Mama, munatafuta cobalt na kile kiatu?" Tantine akamjibu, "Natafuta baba yangu." Kijana akacheka, akaona uso wake, akaacha kucheka. Kutoka hapo tulichukua gari lingine, kisha pikipiki, tukapanda.

Sijui nielezeje dilungu kwa mtu ambaye hajafika. Ni uwanda wa juu, juu kabisa, ambako miti imekataa kuota. Ni majani tu na upepo mpaka mwisho wa macho. Kulikuwa na baridi ya kuumiza meno. Wenyeji walikuwa wamechoma majani kama wanavyofanya kila kiangazi, na ardhi yote ilikuwa nyeusi, majivu yakipeperuka kwenye miguu yetu. Mahali pamoja tu, kwenye mwinuko mdogo, palikuwa na kipande cha majani marefu ya njano, duara, kama mkeka uliosahauliwa nje. Nilikiangalia sana kwa sababu hapakuwa na kingine cha kuangalia. Nilifikiri moto umekiruka.

Mwanamke tuliyeelekezwa aliitwa Mama Kaumba. Alikuwa msichana mdogo ndege ilipoanguka. Alitupokea mlangoni bila kutuambia tuingie. "Munakuya juu ya vyuma? Mumechelewa. Bengine balishabeba." Ba Ramazani alisogea mbele, kofia yake nyeupe kichwani, simu mkononi inarekodi. "Hatutaki vyuma, mama. Tunataka habari za watu. Je, katika ajali ile, kuna yeyote aliyeokoka?" Mama Kaumba alimwangalia kofia, akamwangalia viatu. "Baokoka? Apa hatuna. Siye bote tuko bakatolika." Tantine Berthe alicheka, kicheko kilichomtoka kama chafya, na nikaona kwamba tangu tutoke Lubumbashi alikuwa amebana pumzi. "Mama, anauliza kama kuko mwenye alipona." "Aa! Kupona! Si aseme kupona." Na kwa kicheko hicho tukaingia ndani.

Alitupikia. Jiko lilikuwa chumba cha udongo chenye moshi, na sufuria ilikuwa nzito, nene, ya rangi ya kijivu isiyong'aa. Tulikula bukari na maharagwe kutoka sahani moja, mikono yetu ikigongana. Tulipofika katikati Mama Kaumba akagonga sufuria kwa mwiko. "Njo hii." "Hii nini?" Tantine akauliza. "Ndeke. Fundi alikuyaka na mavukuto yake, akayeyusha bawa. Kila nyumba ya apa iko na sufuria yake." Ba Ramazani akaondoa mkono kwenye sahani, akaufuta polepole kwa kitambaa. Tantine Berthe aliangalia tonge lake. Kisha akalitia mdomoni, akafunga macho, akatafuna kwa muda mrefu.

Baada ya kula tulikaa nje. Mama Kaumba alisimulia ndege ilivyokuja chini ndani ya mawingu, ilivyopiga ardhi, na jinsi walivyokaa ndani ya nyumba mpaka moshi ukaisha. Ba Ramazani akauliza habari za mabawa, na yeye akasema bawa moja lilikwisha lote, ni sufuria. Akauliza habari za wazungu. "Bazungu, bengine balikuya na miguu, bakababeba. Ile ingine iko." Aliposema hivyo alitokeza midomo kidogo kuonyesha upande. Ba Ramazani alikuwa ameinamia simu, anaangalia kama bado inarekodi. "Hilo bawa la pili lipo? Twende tukalione." Tulishuka nyuma ya nyumba hadi korongoni, na kweli lilikuwepo, kipande cha bawa na injini imezama kwenye matope, nyasi zimeota kwenye matundu yake. Tantine alikizunguka kile chuma akikigusa kwa vidole kama anayetafuta mlango. Tuliporudi, Ba Ramazani aliuliza kwa mara ya mwisho, polepole, ili aeleweke: "Kwa hiyo, mama, wazungu walikuwa wawili tu?" "Bazungu? Babili tu," akasema Mama Kaumba. Tantine Berthe akafunga kitenge chake vizuri, akasema asante. Kwenye gari, karibu na Likasi, akasema akitazama dirishani, "Basi. Aliendaka Angola."

Hayo ndiyo aliyomwambia mama yake. "Mama, balikuwa babili tu." Nkambo alikuwa mezani. Aliosha mikono, akaikausha, akaenda chumbani. Chakula kilibaki. Siku zilizofuata aliinua mkono kama kawaida ndege zikipita, lakini haukuwa unasimama vizuri. Siku moja Tantine aliinuka akatoka nje ndege ikiwa bado inasikika. Ndani ya nyumba ile lilikuwa jambo la kutisha. Mimi nilisikia kama mtu wa nne asiyeonekana ameinuka mezani, na tulikuwa watatu.

Asubuhi moja Tantine akiwa sokoni, Nkambo aliniita chumbani. Nilikuwa nimeshafagia chumba hicho mara nyingi, lakini sikuwahi kukaa. Kilinukia dawa ya kuchua na sabuni. Kitanda kilikuwa kikubwa, na nusu ya upande wa ukuta ilikuwa imejaa vitenge vilivyokunjwa, vimepangwa kwa urefu wa mtu, na yeye alilala kwenye nusu iliyobaki. "Lete maneno," akasema. Nikaleta. Nilimweleza kila kitu kama kilivyosemwa, vyuma, baokoka, sufuria. Aliposikia habari ya sufuria aliniambia nirudie. Nilipofika kwenye wazungu, nilisema, "Bakababeba. Ile ingine iko," na bila kufikiri nikatokeza midomo kama alivyofanya Mama Kaumba.

"Ngoja. Midomo, ulifanya nini?"

"Njo vile alifanya, Nkambo. Alikuwa anaonyesha."

"Anaonyesha wapi?"

"Mbele. Ku kilima."

"Na ile bawa mulikuta wapi?"

"Ku korongo. Nyuma yake."

Nje mtu alikuwa anauza makala, makaa ya kupikia, akaita, akapita. "Bawa iko nyuma, ye anaonyesha mbele," akasema Nkambo. "Mbele kulikuwa nini?" Nikasema hakuna kitu, ni majani tu, majani ya njano ambayo hayakuungua. Hapo aliniangalia na macho yake yenye ukungu kana kwamba mimi ndiye nilikuwa mbali. "Ngoie. Kwetu kule kaskazini, kabla ya kuchoma, tulikuwa tunakata majani mu muzunguko wa makaburi. Ili moto isipite. Moto haiachake majani bure. Ni muntu anaikatia njia."

Tulirudi baada ya mvua za kwanza. Dilungu lilikuwa limekuwa kijani, majani mafupi mororo kama nywele za mtoto, na kile kipande kilisimama katikati yake, kirefu, cha njano, chenye mvua. Ba Ramazani hakutoa simu. Alinisukuma kwa kiwiko mlangoni kwa Mama Kaumba. "Uliza wewe. Kiswahili changu kimetupeleka kwenye kijiko." Sauti yangu ilikuwa ndogo hata mimi sikuisikia vizuri. "Mama, ulisemaka ile ingine iko. Ni muntu?"

Mama Kaumba alipiga makofi. "Eeh! Ni nini basi? Si nilibaambia! Bazungu babili babo balibababeba, ule mweusi iko. Mweye muliendaka kuangalia vyuma!"

Alitutangulia. Tulipita kwenye majani mafupi, viatu vimelowa. Ukingoni mwa kile kipande ardhi ilikuwa imelimwa kwa jembe kuzunguka pande zote, na ndani, majani yalipofunguliwa kwa mikono, kulikuwa na mawe yaliyopangwa kwa urefu wa mtu. Mama Kaumba alisema mama yake ndiye alimkuta, ameketi ameegemea mkia wa ndege, mguu umevunjika, wazungu wameshakufa. Walimpa maji, wakampa munkoyo, togwa ya mahindi, akanywa kidogo. "Mama yangu alimuuliza jina. Hakujibia. Alikuwa anafanya tu hivi." Na akainua mkono. Kiganja mbele, vidole vimeshikana, kichwa akakilaza kushoto. "Mama anasema, ye mukono. Batoto banalia, ye mukono. Anataka bantu bote banyamaze. Alikuwa anasikiliza ndeke ingine ikuye kumubeba."

Tantine Berthe alikaa chini. Hakuanguka, alikaa tu, ndani ya majani, kama mtoto aliyechoka njiani. Ba Ramazani alifungua viganja vyake akaanza kusoma dua kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kumsikia nayo, sauti isiyotaka kusikilizwa. Mama Kaumba alikuwa bado ameinua mkono, hajui amefanya nini. Aliyemshushia ni mimi.

Baada ya muda Tantine akauliza, "Ile ndeke ingine ilikuya?" "Ilikuya. Ilizunguka kule juu, mu mawingu. Ye mukono juu, juu, juu. Kisha ikarudia kwabo. Bale ba miguu walipofika, alishakufa. Balibeba babo. Balisema batarudi kumubeba ye pia." Akararua jani moja, akalizungusha kwenye kidole. "Njo maana kila mwaka tunakata, moto isipite. Mama alifanya, miye nafanya. Batamupata namna gani kama yote imekuwa nyeusi?"

Alipotusindikiza alimpa Tantine ile sufuria. Tantine alikataa, kisha akaipokea kwa mikono miwili.

Nkambo alikuwa amekaa sebuleni anatungoja, mikono juu ya meza. Tantine Berthe aliweka sufuria mbele yake. Akaniangalia. Basi niliinua mkono. Nililaza kichwa. Nkambo aliutazama mkono wangu, akaukaribia, akaushika kwa vidole akakunja kimoja kidogo kama anayemrekebishia mtoto kalamu. "Hii kidole alikuwa anaikunja," akasema. Kisha akauliza, "Ndeke ilikuya?"

"Ilikuya, Nkambo. Ilizunguka. Ikarudi."

"Na ye?"

"Iko," nikasema.

Alilia hapo. Walilia wote wawili, na majirani wakaja, na kilio cha Donat kikaanza siku ileile, bila mwili, wanawake wamekaa chini kwenye mikeka katika lupango, miaka mingi baadaye kuliko ilivyotakiwa. Nkambo alivaa nyeusi. Watu walimwuliza kama ataletewa mifupa, akakataa. Alimtuma Ba Ramazani ampigie Mama Kaumba simu kupitia mwenye pikipiki, na ujumbe ulikuwa mmoja: "Mumwambie tulishamupata. Aache moto ipite." Novemba ilipofika alipeleka jina parokiani. Lilisomwa katikati ya majina mengine, haraka, na padri alilikosea kidogo. Nkambo alisema "Amina" peke yake, kabla ya wakati.

Jumapili iliyofuata tulikula mchana kama kawaida. Bukari ilikuwa imepikwa katika sufuria ya dilungu. Nkambo ndiye aliyetaka. Alikuwa anamweleza Ba Ramazani jambo fulani kuhusu bei ya makala, na ndege ikaja. Niliisikia ikiwa bado mbali. Tantine aliacha kutafuna. Mimi niliacha. Hata Ba Ramazani alifunga mdomo. Ikapita juu ya paa, sahani zikatetemeka, na Nkambo akamega tonge, akalichovya, akatafuna, akameza, akaendelea na makala yake. Ndipo akaona kimya chetu. Akatuzungushia macho, mmoja mmoja, kama anayeshangaa watoto wanaogopa nini.

"Kuleni," akasema. "Ni ndeke tu."

Nilijaribu. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshapanda, kidole kimoja kimekunjwa, na sauti ilikuwa bado haijaisha.